Mafunzo ya Kazi kwa Walioachwa Nyuma: Cheti Peke Yake Hakitoshi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Nairobi)



Halmashauri ya tawi imetutaka sisi wa karakana tuseme machache juu ya jambo linalotajwa sana siku hizi katika ofisi za mjini. Jambo lenyewe ni mipango ya mafunzo ya kuwainua kazini watu wa makundi ambayo ni haba katika kazi za biashara, yaani uhasibu, ununuzi, uuzaji, ukarani mkubwa na umeneja. Sisi hatukusoma vyuo vikubwa. Wengi wetu tulisoma shule za misheni mpaka darasa la nane, kisha tukaingia relini. Lakini wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki sisi tumekilalia. Ndiyo sababu tumekubali kusema.

Swali letu ni moja. Je, mafunzo haya yanamfaa mtu ambaye alikuwa amewekwa nje, au ni maneno ya mikutano tu? Jibu letu ni kwamba yanafaa sana, ikiwa mambo matatu yanakwenda pamoja: somo lenyewe, mtu wa kulipa gharama, na nafasi ya kazi inayomngoja mwanafunzi. Likikosekana moja katika hayo matatu, mtu hubaki na cheti sandukuni na maisha yake ni yale yale. Tunaomba mtusikilize, maana mwisho wa hotuba hii tutaleta ombi mbele ya tawi, nanyi mtalikubali au mtalikataa.

HALI ILIVYOKUWA ZAMANI

Ndugu zetu, si lazima watu wawe wachache katika nchi ndipo wawe wachache ofisini. Wakati wa ukoloni Waafrika walikuwa wengi katika Kenya, lakini katika ofisi za biashara za Nairobi ilikuwa taabu kumwona hata mmoja mwenye cheo. Katika Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, na katika Delamere Avenue, ambayo leo ni Kenyatta Avenue, meneja alikuwa Mzungu, na mwenye duka au mtunza hesabu mara nyingi alikuwa Mhindi. Mwafrika alikuwa tarishi, mfagiaji, mpakuzi wa mizigo, au karani mdogo asiyeshika ufunguo wa sanduku la fedha.

Hata mshahara ulifuata rangi. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilikubali ya kuwa katika kazi za Serikali asiyekuwa Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za malipo ya Mzungu. Tume ya Lidbury ndiyo iliyokuja kupendekeza mwaka 1954 kwamba mishahara ya kufuata rangi iondolewe. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini fikirini: kuondoa ubaguzi katika karatasi ya mishahara hakukumpa Mwafrika kiti cha mhasibu siku ile ile. Mtu hawi mhasibu kwa tangazo. Anahitaji miaka ya kusoma, ada ya mitihani, vitabu, na mahali pa kujizoeza chini ya mtu anayeijua kazi. Mlango ulianza kufunguliwa, lakini ngazi ya kuufikia haikuwapo.

NGAZI ZILIZOJENGWA UPANDE WA MAGHARIBI

Ngazi hizo baadhi yake zilijengwa hapa hapa, katika vitongoji vya magharibi ya mji wetu.

Kule Kabete palikuwa na Jeanes School, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, ili kufundisha waalimu wasimamizi wa shule za vijijini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilitoa mafunzo ya namna nyingi, hata mafunzo ya wenye maduka Waafrika. Mwaka 1961 mahali pale pakawa Kenya Institute of Administration, ili Waafrika wafunzwe upesi kushika kazi za maafisa, maana Uhuru ulikuwa karibu. Leo ndipo ilipo Kenya School of Government, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Kule Lavington kilifunguliwa Strathmore College mwaka 1961, chuo kilichopokea wanafunzi wa rangi zote pamoja, jambo ambalo lilikuwa geni wakati ule. Mwaka 1966 kilianza kufundisha uhasibu. Hapo ndipo tunataka mtege masikio. Makampuni makubwa matatu, yaani ICI, BAT na Shell, yalikubali kugharamia wanafunzi wasome uhasibu. Makampuni hayo hayakutoa sadaka. Yaliona ya kuwa nchi imepata Uhuru, nao wahasibu Waafrika hawapatikani, na kazi haiwezi kulala. Kwa hiyo somo lilikuwapo, mlipaji alikuwapo, na haja ya watu ilikuwapo. Yale matatu yalikutana.

Na wanawake je? Mwaka huo huo wa 1961 kilianzishwa Kianda College, chuo cha wasichana wa rangi zote wanaotaka kazi za uhazili na ofisi, ambacho kimejulikana sana katika Waiyaki Way. Wakati ule msichana wa Kiafrika kukaa mbele ya mashine ya taipu katika ofisi ya mjini lilikuwa jambo la ajabu. Mwanafunzi wa kwanza wa Kiafrika katika chuo hicho alikuwa Evelyn Mungai, ambaye mwaka 1976 alifungua chuo chake mwenyewe cha usanifu hapa Nairobi. Angalieni faida yake: aliyefunguliwa mlango naye akawafungulia wengine.

Wala msidhani mambo haya ni ya matajiri na wenye vyuo tu. Chama cha wafanya kazi kina mkono wake hapa tangu zamani. Tom Mboya alikuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour. Yeye mwenyewe alisoma Ruskin College kule Oxford mwaka 1955 na 1956. Aliporudi hakutosheka kwamba amesoma yeye. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango aliouongoza iliondoka na wanafunzi 81 kwenda Marekani, na ndege nyingine zikafuata. Wengi katika wanafunzi wa mpango ule walirudi wakashika kazi za Serikali, vyuo na biashara. Sisi wa reli pia tulipata chuo chetu hapa Nairobi mwaka 1956, wakati wa East African Railways and Harbours, nacho kipo hata leo. Basi mtu asitwambie ya kuwa chama ni cha kudai mishahara tu, na mafunzo ni kazi ya wengine.

SHERIA PEKE YAKE, NA MAFUNZO PEKE YAKE

Baada ya Uhuru Serikali ilitaka Waafrika waingie katika biashara za mjini. Mwaka 1965 iliundwa Kenya National Trading Corporation ili kuwapitishia bidhaa. Shirika la ICDC lilitoa mikopo. Kisha ikaja Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967, iliyomzuia asiye raia kufanya biashara katika sehemu fulani za mji na kuuza bidhaa fulani.

Wako waliofanikiwa kwa mpango huo. Lakini wako pia waliopewa duka na mkopo bila mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kuweka daftari la mali, jinsi ya kutenga fedha za duka na fedha za nyumbani, au jinsi ya kumnyima ndugu bidhaa za kukopa. Maduka mengine yalifungwa. Wengine walikodisha jina lao tu, leseni ikawa ya mmoja na biashara ya mwingine. Hivyo ndivyo inavyokuwa sheria ikitangulia na mafunzo yakasahauliwa.

Tena tuseme kweli yote. Mwaka 1968 maelfu ya Wahindi waliondoka Kenya kwa hofu, na katika hao wamo waliozaliwa hapa. Sisi watu wa vyama hatuwezi kulipita jambo hilo kimya, kwa sababu Makhan Singh, ambaye alijenga vyama vya wafanya kazi tangu mwaka 1935, aliyefungiwa mbali tangu 1950 mpaka 1961 kwa ajili yetu, alikuwa Mhindi. Kumwinua aliyeachwa nyuma ni haki. Kumsukuma jirani nje ya nyumba ni jambo jingine. Mpango mzuri wa mafunzo huongeza viti mezani na kuwafanya watu wastahili viti hivyo.

WALIOACHWA NYUMA LEO

Sasa tuje katika siku zetu. Leo Mwafrika ni meneja, ni mhasibu, ni mkurugenzi. Je, kazi imekwisha? Haijakwisha. Wamebaki wengine nje.

Pandeni gari la moshi la abiria kutoka stesheni ya mjini kwenda Kikuyu. Linapita Kibera, linapita Dagoretti. Wanaoshuka na kupanda ni watu wa Kawangware na Kangemi pia. Vijana wengi wao wana cheti cha hesabu, au wamepita mitihani ya KASNEB, ile bodi ya mitihani ya wahasibu iliyoundwa mwaka 1969. Asubuhi wanakwenda Westlands na katikati ya mji wakipeleka barua za kuomba kazi. Wanaulizwa, "Una ujuzi wa miaka mitatu?" Kijana ataupata wapi ujuzi huo kama kila ofisi inamtaka aje nao kutoka ofisi nyingine?

Wako wanawake. Kila mmoja wetu anamjua mama fulani ofisini ambaye amefundisha mameneja watatu kazi, kila mmoja akapanda cheo na kuondoka, naye mama amebaki katika meza ile ile.

Wako wenye ulemavu. Mtu hawezi kuona, lakini kwa kompyuta inayosema anaweza kufanya kazi ya hesabu vizuri kabisa. Mwingine anatumia kiti cha magurudumu, na ofisi ya kufanyia mtihani iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Amefeli kabla ya kushika kalamu.

Wako watu wa jamii ndogo. Wanubi wa Kibera wamekaa pale tangu siku za Waingereza, na hati ya ardhi ya jamii waliipata mwaka 2017. Washona waliokuja kutoka Zimbabwe tangu miaka ya 1960, na wengi wao kukaa Kiambu jirani na mji wetu, hawakuwa raia wa nchi yo yote kwa zaidi ya miaka 50. Serikali ilitangaza mwezi wa Desemba 2020 ya kuwa Washona 1,670 watapewa uraia. Mtu asiye na kitambulisho hafungui hesabu benki, haandikishi biashara, hakai mtihani. Ukimwalika katika mafunzo ya biashara kabla ya kumpa kitambulisho umemchezea.

Katiba ya mwaka 2010 imeyaona haya. Kifungu cha 27 kinasema watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Kifungu cha 54 kinataka hatua kwa hatua wenye ulemavu wafikie angalau 5 kwa mia katika vyombo hivyo. Kifungu cha 56 kinaitaka Serikali iweke mipango ya kuzipa jamii ndogo na zilizotengwa nafasi maalum katika elimu, uchumi na ajira. Tena tangu mwaka 2013 upo mpango wa kutenga 30 kwa mia ya zabuni za Serikali kwa ajili ya vijana, wanawake na wenye ulemavu.

Sheria hizo ni njema, na hatuzidharau. Lakini mwenye kikampuni kidogo cha Kangemi akishinda zabuni ya kuleta madaftari, anahitaji fedha za kununua madaftari kwanza. Akisha yapeleka, malipo yakichelewa miezi, deni linamla. Wa namna hiyo hasaidiwi na semina ya siku mbili hotelini, yenye chai na picha. Anasaidiwa na mtu wa kumfundisha kupiga hesabu ya bei yake na gharama ya kungoja, na benki itakayokubali barua ya zabuni kuwa dhamana, na ofisi inayolipa kwa wakati.

MPANGO MZURI UKOJE?

Kwa yale tuliyoyaona, mpango mzuri una alama hizi, nanyi mnaweza kuupima mpango wo wote kwa alama hizo.

Kwanza, unaanza na nafasi. Kabla ya kuita wanafunzi, mwajiri anasema: tutahitaji wahasibu wasaidizi wanne mwaka ujao, na hawa ndio tutakaowafundisha.

Pili, unalipa. Unalipa ada ya mtihani, na unampa mtu saa za kusoma bila kukatwa mshahara. Mama mwenye watoto hawezi kusoma saa tatu usiku kila siku akaamka saa kumi alfajiri.

Tatu, una mlezi wa kazi. Huyu ni mtu mzima katika kazi, mwenye kumwonyesha mgeni mambo yasiyoandikwa vitabuni: jinsi ya kusema katika mkutano, nani wa kumwuliza, jinsi ya kukataa hundi yenye mashaka. Mtoto wa mwenye kampuni huyapata hayo nyumbani mezani. Mtoto wa mpakuzi wa mizigo hana wa kumwambia.

Nne, unahesabu watu. Wangapi waliingia? Wangapi walimaliza? Wangapi walipandishwa cheo? Mpango unaohesabu vyeti tu unajisifu bure.

KUNUNG'UNIKA KWETU WENYEWE

Ndugu zetu, hapa tutasema neno lisilopendeza. Manung'uniko dhidi ya mipango hii hayatoki kwa mabwana wakubwa peke yao. Yanatoka kwetu pia. Tunasikia katika karakana: "Mimi nimengoja miaka kumi, sasa analetwa msichana kunipita." Au, "Hao wanapewa kwa huruma."

Hofu hiyo tunaielewa, maana vyeo ni vichache na watoto wetu wanataka karo. Lakini sikilizeni. Neno hilo la "hawastahili" ndilo waliloambiwa babu zetu walipotaka kuendesha gari la moshi na kushika daftari la stesheni. Waliambiwa Mwafrika hawezi. Wakafundishwa, wakaweza. Je, neno lile lile lililokuwa uwongo juu ya babu zetu limekuwa kweli leo juu ya mwanamke, au juu ya mwenye ulemavu, au juu ya Mnubi?

Wala hatuombi mtihani urahisishwe. Mtihani uwe ule ule, na leja ifungwe kwa senti ile ile. Tunachotaka ni kila mtu afike mlangoni mwa chumba cha mtihani akiwa amefundishwa. Na yule aliyengoja miaka kumi, tunataka naye aandikwe katika orodha ya mafunzo. Aliyemnyima hizo nafasi kwa miaka kumi si huyo msichana.

OMBI LETU KWA TAWI

Sasa tunafika katika shilingi. Sheria ya mafunzo ya viwandani inamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, na fedha hizo husimamiwa na mamlaka ya mafunzo iitwayo NITA, iliyoundwa mwaka 2011. Fedha hizo hulipwa na mwajiri, hazikatwi katika mshahara. Mwajiri akipeleka watu wake katika mafunzo yaliyokubaliwa na mamlaka hiyo, aweza kuomba arudishiwe gharama kwa kadiri ya kanuni.

Pigeni hesabu. Mahali penye wafanya kazi 200, shilingi 50 kwa miezi 12 ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni shilingi 600,000. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba fedha hizo zinalipwa kwa ajili yetu? Na ni nani aliyekwisha kuuliza ni mtu gani amepelekwa mafunzoni, na alichaguliwa vipi? Ikiwa hatuulizi, watakaopelekwa ni wale wale walio karibu na mkubwa, na kila mwaka watapata cheti kipya.

Kwa hiyo tunaomba tawi likubali mambo manne, na yaandikwe katika madai yetu ya mkataba wa pamoja utakapofunguliwa tena.

La kwanza, orodha ya nafasi za mafunzo ibandikwe ukutani mahali ambapo mfagiaji na karani wote wanaweza kuisoma, na kwa Kiswahili.

La pili, kamati ya kuchagua iwe na mjumbe wa chama, na itazame kwanza makundi ambayo hayamo kabisa katika ofisi za hesabu, ununuzi na usimamizi.

La tatu, kila anayepelekwa aandikiwe barua inayotaja kazi atakayojaribiwa akimaliza, na tarehe yake. Bila tarehe, ahadi ni upepo.

La nne, kila miezi sita mwajiri alete hesabu mbele ya chama: waliokwenda, waliomaliza, waliopanda cheo, wanaume wangapi, wanawake wangapi, wenye ulemavu wangapi.

Mambo haya hayahitaji mgomo wala kelele. Yanahitaji wanachama wanaohudhuria mikutano na kuuliza maswali. Ndugu Katibu ana daftari mezani kwake. Kila mwenye cheti kilicholala nyumbani, na kila mwenye kutaka kusoma lakini hana ada au nafasi, aandike jina lake humo leo kabla ya kwenda kupanda gari. Tukienda mbele ya mwajiri na majina, hataweza kusema watu hawapatikani.

Bwana Mwenyekiti, ombi letu tumelileta. Sasa tunawaachia wanachama waseme na wapige kura.

Umoja ni nguvu.